Sakafu ya Mama Bhoke

Kabla Mseti hajaanza kutambaa, viroboto wa nyumba yetu walikuwa wa Mama Bhoke na mimi tu, na tulishawazoea. Unajikuna, unakung'uta blanketi, unaendelea na kazi. Lakini mtoto alipofikisha miezi saba, akashuka mapajani mwangu na kuanza kujivuta sakafuni kwa viwiko, niliona miguu yake imejaa madoa mekundu, mengine ameyakwaruza mpaka yakatoa maji. Nikaona aibu. Mimi ambaye kila Jumanne na Alhamisi jioni nilikwenda kanisani kwa Mwalimu Kornelio kujifunza kusoma na kuandika, mtoto wangu analiwa na wadudu!

Nieleze kwanza kwamba Mseti ni mtoto wetu wote wawili. Mama Bhoke ndiye aliyenioa. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwetu Wakurya mama kama huyo huweza kuoa binti amzalie watoto, ili nyumba yake isipotee. Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na saba, nimejiandaa kusimangwa. Nikakuta mama aliyenisogezea kigoda karibu na moto akaniuliza kama nimekula. Hata masomo ya jioni ni yeye aliyenisukuma. "Nenda," aliniambia, "angalau mmoja wetu ajue karatasi zinasema nini." Na Mseti alipozaliwa na kitovu chake kikadondoka, alikizika mwenyewe ndani ya nyumba, chini ya sakafu, upande wa kulia wa mafiga. "Sasa nyumba ina mura, ina mwanamume," akasema, kisha akakaa pale pale chini akalia.

Mwaka huu wa hamsini na sita, baada ya mvua ndefu, nilikwenda Bomani kununua chumvi na kibiriti. Dukani nikaliona kopo. Lilikuwa la njano, limechorwa kiroboto mkubwa kama panya, amelala chali, miguu juu. Nilisimama mbele yake nikasoma kwa sauti ndogo, neno kwa neno, kama Mwalimu alivyotufundisha: *Unga wa kuua viroboto, kunguni na chawa. Nyunyiza kwenye kona za chumba na chini ya vitanda.* Lilikuwa jambo la kwanza la maana nililosoma mwenyewe bila mtu kunishika mkono. Chini yake palikuwa na maandishi mengine madogo madogo ya Kizungu. Hayo niliyapita kama unavyowapita njiani watu usiowajua.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza. Nyumba yetu ni ya duara, kona haina. Kitanda cha Mama ni cha udongo, kimeungana na sakafu, chini yake hakuna mahali. Tena viroboto wetu hawakai kwenye kona, wanakaa ndani ya nyufa za sakafu yenyewe. Nikisema ninyunyize juu, kesho nitafagia unga wote nje. Basi nikapata wazo, na nililiona wazo la mtu aliyesoma: dawa iingie ndani ya sakafu.

Kesho yake asubuhi nilichota mavi mabichi ya ng'ombe, nikatia majivu kama kawaida, kisha nikamimina unga wa kopo zima. Nikakanda kwa mikono. Harufu ilikuwa ya uvundo wa kukaba, kama gunia lililolala kwenye maji. Nilipiga magoti nikaisiliba sakafu kuanzia ukutani kuja mlangoni, nikizungusha kiganja ili ibaki ile michoro ya nusu duara ambayo Mama aliipenda. Jioni viganja vilikuwa vinaniwasha na kichwa kinagonga. Nikasema ni jua.

Kopo tupu Mama alilitaka. "Mfuniko wake unabana," akasema, "ugoro wangu hautalowa tena." Akalipangusa kwa kanga, akatia ugoro ndani.

Siku ya tatu hapakuwa na kiroboto nyumbani. Nasema hata mmoja. Mende walikuwa chali kama kwenye ile picha, nikawafagia kwa kibao. Mseti akalala bila kujikuna. Mama Bhoke akawa anawaita wapita njia waje kuona.

"Ingieni, ingieni. Vueni viatu kama mnavyo. Mnasikia kinachowauma?"

"Hatusikii kitu, mama."

"Basi! Mke wangu amesoma."

Wegesa, jirani yetu wa chini ya kilima, aliingia ameshika kiuno kwa mikono miwili. Mimba yake ilikuwa kubwa na mdomo wake haukuwahi kuchoka. Akainama kwa shida, akapapasa sakafu.

"Ee, Agustina. Sisi tulidhani unakwenda kanisani jioni kumwangalia Kornelio, kumbe kweli unasoma."

"Kornelio ana mke na meno manne," nikamjibu.

Wanawake wakacheka. "Tufundishe basi, msomi," akasema Wegesa. "Mimi nitasiliba nikikaribia kujifungua. Huyu akute nyumba safi, asije akaniambia nimemleta kwenye banda."

Nikawafundisha. Nilisimama mlangoni na kijiti mkononi kama Mwalimu, nikawaeleza mavi kiasi gani, majivu kiasi gani, kopo zima na siyo nusu. Wanawake wanne walinisikiliza. Sijawahi kujisikia mrefu vile.

Wiki ya pili kuku walianza. Tulikuwa na mitetea watatu waliolala ndani. Mmoja alitoka asubuhi anatembea kwa upande kama mlevi, akaanguka, akatikisika, akafa. Kabla ya Ijumaa wote watatu walikuwa wamekwisha. "Ni kideri," akasema Mama, akawafukia nyuma ya boma. Nami nikasema ni kideri.

Mseti naye alibadilika. Alianza kushtuka. Ukiweka sufuria chini, anaruka na mikono juu. Alilia bila machozi, akakataa ziwa, akatapika uji. Mama akamwingiza kidole mdomoni akasema ni meno. Wengine wakasema kuna mtu amemtazama vibaya siku zile watu walipokuwa wanamiminika nyumbani. Jumapili asubuhi, namfunga nguo ya kwenda kanisani, macho yake yakapanda juu. Mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka yenyewe mapajani mwangu, na mimi nimemshika na siwezi kuizuia.

Sikumbuki njia ya kwenda Bomani. Nakumbuka kisogo cha Mama Bhoke mbele yangu, mwanamke wa umri ule anakimbia.

Zahanati ilikuwa na dresa mmoja, Jairo, kijana wa Kijaluo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpima Mseti joto, akakitazama kipimo, akapima tena.

"Degedege amepata kweli?"

"Tumeliona kwa macho yetu," Mama akasema. "Au wewe mtu wa ziwani unataka tumngoje alirudie ndiyo uamini?"

"Siyo hivyo, mama. Mtoto wa degedege la malaria huwa anaungua. Huyu hana moto." Akajikuna shavu. "Lakini nitampa dawa ya malaria. Mkae hapa nimwone."

Tulikaa siku tano, Mseti na mimi, kwenye kitanda cha kamba. Kila siku alikuwa afadhali kidogo. Siku ya nne alicheka, siku ya tano akalivuta sikio la Jairo. Nikamshukuru Mungu, nikaishukuru sindano, tukarudi nyumbani. Mama alikuwa ametandika ngozi karibu na mafiga, lakini Mseti ngozi hakuitaka. Alitaka sakafu yake. Akaiendea mbio kwa viwiko na magoti.

Asubuhi ya tatu niliketi namtazama, na hapo ndipo nilipoona. Alikuwa na mchezo wake. Analowesha kiganja kwa mate, anapiga sakafu, pa, pa, pa, kama anavyoniona nikisiliba. Kisha anakiweka kiganja mdomoni na kukinyonya mpaka kisafishike. Nilimnyanyua nikanusa vidole vyake. Ni ile harufu ya gunia lililolala kwenye maji.

Ningeweza kusema pale pale. Mama alikuwa nje anakamua. Ningemwita. Lakini kichwani zilipita picha zote kwa pamoja: kuku watatu, wanawake wanne mlangoni, kijiti mkononi mwangu. Nikajiambia mbona sisi wakubwa hatujafa. Nikajiambia dawa imeandikwa kabisa kwamba ni ya chumbani, wenye akili zao wasingeandika. Nikamnawisha mtoto mikono, nikamfunga mgongoni, nikanyamaza. Saa chache baadaye alianza tena kutikisika, mgongoni mwangu, nikausikia mtikisiko ule kwenye mbavu zangu mwenyewe.

Jairo alimpokea mtoto mikononi mwangu. Safari hii degedege lilikuwa refu, na lilipokwisha Mseti alibaki amelegea, jicho moja nusu wazi. Jairo akavuta kigoda.

"Dada Agustina, hapa anapona, nyumbani anaugua. Nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Anakula nini?"

"Ziwa langu. Uji wa wimbi. Maziwa ya kibuyu."

"Hakuna kitu kipya? Dawa ya kienyeji? Chochote?"

Nilikuwa namtazama mtoto wangu, kifua chake kikipanda na kushuka haraka kama cha kifaranga, na bado nikasema, "Hakuna." Hata sasa naliandika neno hilo kwa shida.

Kesho yake adhuhuri Mama Bhoke akaja na kibuyu cha maziwa. Alinusa ugoro, akapiga chafya, akaliweka kopo kitandani kando ya miguu ya Mseti.

"Na mimi unigawie kidogo, mama," Jairo akatania. "Tangu asubuhi nimefunga vidonda saba, pua imechoka."

"Chukua. Ila usije ukasema Wakurya wana ugoro mkali kuliko ninyi, ukatuandika kwenye daftari la hospitali."

Jairo akacheka akalichukua kopo. Halafu hakulifungua. Aligeuza upande wa picha, akageuza upande wa maandishi, akalisogeza karibu na miwani. Kicheko kikamtoka usoni.

"Hili kopo limetoka wapi?"

Mama akanielekezea kidevu kwa majivuno. "Huyu. Ndilo lililosafisha nyumba yangu. Alilisoma mwenyewe."

"Ulisoma?"

"Nilisoma," nikasema. "Pale juu."

"Na hapa chini?"

"Hapo ni Kizungu."

Akasoma polepole, akituwekea kwa Kiswahili. "Hii ni sumu. Usiguse kwa mikono mitupu. Weka mbali na watoto, mbali na chakula na wanyama. Ukimaliza, fukia kopo." Akalishusha. "Unga ulitia wapi, dada?"

Nikamwambia. Safari hii nilisema yote: mavi, majivu, kopo zima, kiganja cha Mseti na mchezo wake. Nilisema haraka haraka ili nisisimame katikati. Nilipomaliza, mzee mmoja kitanda cha pili alikuwa anakohoa.

"Kwa nini hawakuandika yote kwa Kiswahili?" nikamuuliza. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwenye hasira na yeye. "Ya kuua viroboto tumeandikiwa. Ya kuua watoto wameificha kwa Kizungu."

"Sijui, dada. Sikuandika mimi."

"Sasa mpe dawa ya kuitoa."

Alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, pengine mdogo kuliko mimi. "Sina dawa ya kuitoa. Sidhani kama ipo hapa Tarime. Ninachojua ni kwamba akikaa mbali nayo anapata nafuu, tumeona. Mwoshe. Fua kila kitu. Asiiguse sakafu ile tena hata kidogo."

"Atapona kabisa?"

"Mimi ni dresa tu," Jairo akasema. "Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nimekudanganya."

Mama Bhoke alilichukua kopo, akatoka nje, akamwaga ugoro wote shimoni. Aliporudi alikuwa amelifunga kwenye kitambaa.

Siku tatu baadaye Jairo alituruhusu. Mseti alikuwa ananyonya tena, ila alikuwa bado anashtuka. Mama alitembea mbele, hasemi. Tulivuka mto, tukaanza kupanda, hasemi. Heri angenitukana. Karibu na kwa Wegesa ndipo aliposimama, bila kugeuka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile kabla hajaugua mara ya pili."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, Mama."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kuwa mjinga."

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua kama ni ugoro aliokosa au ni kulia. "Mimi nimekuwa mjinga wa karatasi miaka yangu yote," akasema, "na sijafa kwa hilo." Akamfungua Mseti mgongoni mwangu, akamweka mgongoni mwake. Halafu akaelekeza kidevu chini ya kilima. "Kwanza huko. Nenda mwenyewe. Mimi nitakungoja hapa na mtoto."

Nilimsikia Wegesa kabla sijamwona. Pa, pa, pa, kiganja kwenye sakafu. Alikuwa amepiga magoti ndani, tumbo linakaribia kugusa chini, ndoo imejaa kando yake, na mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Harufu ile ilikuwa imejaa nyumba.

"Karibu, mwalimu! Umekuja kukagua wanafunzi wako? Ona michoro yangu, inaishinda yako."

"Wegesa, toka nje."

"Eti nini?"

"Toka nje unawe. Hiyo ni sumu. Ndiyo iliyomlaza Mseti."

Alicheka, kisha akaona nimekaza uso. Alinitazama mimi, akaitazama mikono yake, akaitazama sakafu yake nzuri iliyobaki sehemu ndogo tu mlangoni.

"Agustina, wewe ndiye uliyetufundisha."

"Ni mimi."

"Ulisimama pale na kijiti chako."

"Nilisimama. Nilisoma nusu. Toka nje, dada yangu, nakuomba."

Nilimshika kwapani nikamnyanyua, maana magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Nje nikamwagia maji, nikamsugua kwa sabuni na majivu, kidole kimoja kimoja. Alikuwa analia na kunitukana kwa pamoja, kwa Kikurya, matusi ambayo nilistahili mengi yake. Mtoto akacheza tumboni, nikamwona kupitia nguo iliyolowa. Wegesa naye akamwona. Akaacha kutukana.

"Na huyu?" akaniuliza.

Nikamjibu kama Jairo alivyonijibu. Sikujua.

Nyumbani tulianza kuchimba siku ile ile, jua likiwa bado juu. Nilidhani Mama angekataa kwa sababu ya kitovu alichokizika pale. Yeye ndiye aliyeingia wa kwanza na jembe. Aliivunja sakafu kwenye michoro yangu ya nusu duara, vipande vikanyanyuka kama maganda ya kidonda. Tulikuwa tumefunga vitambaa usoni na mikono tumeizungushia matambara. Udongo tuliubeba kwenye karai mpaka kwenye shimo refu nililochimba mbali na mto na mbali na njia ya ng'ombe. Karai baada ya karai. Kila tulipodhani tumefika, Mama alinusa akasema bado.

Upande wa kulia wa mafiga alipunguza nguvu. Alichimba kwa ncha ya jembe, kisha akainama. Hakukuwa na kitu cha kuona, kilishakuwa udongo. Alikaa pale kidogo. Akatafuta chini kabisa, mahali dawa isipofika, akachota udongo ujazo wa kiganja, akaenda kuufukia mlangoni kwenye kizingiti.

"Hapa ataupita kila akitoka," akasema. Nilikuwa nimesimama nimeshika mpini na sioni vizuri.

Kopo sijalifukia bado. Jairo alisema lifukiwe, na litafukiwa. Lakini Alhamisi nililipeleka kanisani likiwa limefungwa, nikamwomba Mwalimu Kornelio ayaandike ubaoni yale maneno madogo ya chini, Kizungu upande huu na Kiswahili upande huu, makubwa, wote tuyanakili. Wale wanawake watatu wengine nilishawapitia majumbani. Wawili walikuwa hawajasiliba. Wa tatu alikuwa na mtoto wa miaka miwili, na tumechimba kwake pia.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu turudi. Degedege halijarudi. Tunalala kwenye banda la ng'ombe, sisi na viroboto, na sijali. Mseti anakaa nje kwenye ngozi, chini ya macho yetu, tunapomwaga udongo mpya ndani na kuupigapiga kwa magogo. Asubuhi hii gogo liliniponyoka likagonga karai. Mtoto akaruka, mikono yote miwili juu. Mama Bhoke na mimi tukasimama tulivyo, yeye na jembe hewani, tukimtazama macho. Macho yake yalizunguka yakatafuta kelele ilikotoka, yakanipata mimi. Akaishusha mikono. Akatabasamu, akapiga ardhi kwa kiganja, pa, pa, akakiinua kwenda mdomoni.

"Ngoja, mura, ngoja!" Mama akatupa jembe akamkimbilia. Akakishika kiganja, akakimwagia maji ya kibuyu, akakisugua, akakinusa kwa muda mrefu, huku na huku. Kisha akamrudishia anyonye.